Umeambiwa una uvimbe kwenye figo: namna ya kuamua vipimo na matibabu

Siku hizi uvimbe wa figo mara nyingi hugunduliwa na mtu aliyekuwa akitafuta kingine. Mtu kaenda kuchunguza tumbo linalomsumbua, mama kapelekwa ultrasaundi ya mimba, mzee kalalamikia mgongo. Mpimaji anapitisha kifaa ubavuni, ananyamaza kidogo, kisha anauliza, "Umewahi kuambiwa una tatizo la figo?" Jioni hiyo nyumbani kunakuwa na kambi mbili. Wa kwanza wanataka figo itolewe wiki hii hii. Wa pili wanasema uvimbe ukiguswa na kisu ndipo unaposambaa, bora aanze na miti shamba. Kambi zote mbili zinataka kuamua wakati bado hakuna anayejua uvimbe wenyewe ni wa aina gani.

Maelekezo haya ni ya mtu mzima aliyepewa majibu ya namna hiyo, na ya ndugu anayemsindikiza kliniki. Nimezingatia zaidi hospitali za Tanzania. Kwa msomaji wa Kenya majina ya ngazi za hospitali na ya bima yatabadilika, mpangilio wa maamuzi haubadiliki. Kuna swali moja la kubeba kuanzia hatua ya kwanza hadi ya mwisho: "Daktari, kipimo hiki kikija na majibu haya tutafanya nini, na kikija na yale tutafanya nini?" Kama pande zote mbili utafanyiwa jambo lilelile, kipimo hicho hakina sababu ya kulipiwa.

Mtoto mdogo hayumo katika mpangilio huu. Mama akimwogesha mtoto wa miaka miwili au mitatu akakuta uvimbe upande mmoja wa tumbo, asiubonyezebonyeze wala asiruhusu kila jirani aujaribu. Ampeleke hospitali bila kusubiri, na aombe rufaa ya kwenda panapotibiwa saratani za watoto, kama Muhimbili. Saratani ya figo inayowapata watoto, iitwayo uvimbe wa Wilms, ni ugonjwa mwingine kabisa na ule wa watu wazima: inasikia dawa za kemo, na watoto wengi wanaowahishwa hupona. Na huku kwetu kuna limfoma ya Burkitt, aina ya saratani ya tezi, ambayo nayo inaweza kukaa kwenye figo za mtoto, na tiba yake ni dawa, si kisu.

Hatua ya 1: Jua kama una muda

Mara nyingi unao. Uvimbe mdogo wa nyama kwenye figo hukua polepole, kwa wastani wa milimita 3 hivi kwa mwaka, ingawa upo unaokwenda mbio kuliko huo. Wiki kadhaa za kupima kwa utaratibu hazitaharibu kitu. Mwaka mzima wa kunywa mizizi ni jambo jingine, kwa sababu baadhi ya dawa hizo zenyewe huumiza figo, sawa na vidonge vya maumivu vya aina ya diklofenaki na ibuprofeni vinavyomezwa kila siku kwa ajili ya kiuno.

Muda huna ikiwa kuna mojawapo ya haya: mkojo una damu yenye mabonge na sasa hautoki, maumivu makali ya ubavu yamekuja ghafla pamoja na kizunguzungu na jasho la baridi, una homa na kutetemeka huku ubavu ukiuma, au hujapata mkojo kabisa. Hapo nenda hospitali hata kama ni usiku. La pili katika orodha hiyo huweza kuwa uvimbe unaovuja damu kwa ndani, na la tatu huweza kuwa usaha ndani ya figo, ambao usipotolewa unaua.

Niseme neno kuhusu kukojoa damu, maana ndipo watu wa Kanda ya Ziwa na wa Pwani wanapopotea. Kichocho kipo kweli, na kinakojoza damu kweli. Lakini damu ya uvimbe ina tabia ya kuja na kuondoka yenyewe. Mtu wa miaka 55 anapewa dawa ya kichocho, damu inakata, wote wanashukuru. Miezi minne baadaye inarudi, anapewa tena. Dawa haikuponya chochote, ni damu tu iliyokuwa imepumzika. Mtu mzima anayekojoa damu bila maumivu anahitaji picha ya figo na kibofu, hata kama vijidudu vya kichocho vimeonekana kwenye mkojo.

Hatua ya 2: Uliza kama ni maji au nyama

Karatasi ya ultrasaundi huandikwa kwa Kiingereza cha kitabibu, na wengi huipokea, huikunja, huiweka kwenye mkoba. Usiondoke hivyo. Mwombe daktari akusomee kwa Kiswahili mambo manne: uvimbe ni wa maji au wa nyama, una ukubwa gani kwa sentimita, uko figo ipi na sehemu gani ya figo, na figo ya upande wa pili ikoje. Usilidharau hilo la nne. Wapo watu waliozaliwa na figo moja bila kujua hadi siku wanapopimwa.

Kifuko cha maji matupu, chenye ukuta mwembamba laini na kisicho na kuta za ndani, hakina madhara. Kadiri watu wanavyozeeka ndivyo wanavyokuwa navyo. Ukiwapima wazee wa ukoo wako utashangaa. Kama ultrasaundi imeonyesha wazi kwamba ni hicho na hakikuumizi, safari imeishia hapo. Hakuna CT (picha za mionzi za ndani ya mwili), hakuna upasuaji, hakuna dawa ya kukikausha. Anayekuuzia dawa ya "kuyeyusha uvimbe wa maji kwenye figo" anakuuzia kitu usichokihitaji.

Vilevile kuna figo zenye nundu ya kuzaliwa, nyama yake ya kawaida iliyojitokeza, ambayo kwenye ultrasaundi inafanana na uvimbe. Ultrasaundi hutegemea sana mkono na jicho la anayeishika. Kwa hiyo ikiandikwa "uvimbe wa nyama", au "maji yenye kuta ndani", au "haieleweki vizuri", hujaambiwa una saratani. Umeambiwa uende hatua inayofuata.

Hatua ya 3: Pima figo kabla ya kupima uvimbe

Vipimo hivi ni vya bei nafuu na vinapatikana hata hospitali ya wilaya: mkojo, picha kamili ya damu, sukari, shinikizo la damu, na kreatinini. Kreatinini ndiyo inayoonyesha figo zinachuja taka kwa kiasi gani, ila usiridhike na namba yenyewe. Mwombe daktari aigeuze kuwa kiwango cha uchujaji, ambacho hukokotolewa kwa umri na jinsia. Bibi mwembamba wa miaka 75 anaweza kuwa na kreatinini "ya kawaida" huku figo zake zimechoka, kwa sababu kreatinini hutoka kwenye misuli na yeye misuli hana. Kiwango kilichobaki chini ya 60 kwa miezi mitatu au zaidi ni ugonjwa sugu wa figo. Chini ya 30, kila uamuzi unaofuata lazima ufikiriwe upya.

Namba hii utakutana nayo tena kwenye CT, kwenye upasuaji na kwenye dawa. Iandike nyuma ya daftari la kliniki pamoja na tarehe.

Kipimo cha damu cha kuonyesha saratani ya figo hakipo. Ukiona maabara inakuuzia mlolongo wa "vipimo vya damu vya kansa" kwa ajili ya uvimbe wa figo, baki na hela yako.

Hatua ya 4: CT yenye kontrasti, na ifanyike mara moja vizuri

Kipimo cha kuamua ni CT scan ya tumbo, na lazima ifanyike kwa namna mbili katika kikao kimoja: kwanza bila dawa, halafu baada ya kuchomwa dawa ya kontrasti kwenye mshipa. Linalotafutwa ni kama uvimbe unakunywa dawa. Maji hayanywi. Nyama hai yenye mishipa ya damu hunywa, na kwenye picha hung'aa kuliko ilivyokuwa mwanzo. Mpimaji hulinganisha kwa namba zilizopewa jina la Godfrey Hounsfield, Mwingereza aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1979 kwa mchango wake katika kuvumbua mashine ya CT. Namba ikipanda kwa 20 au zaidi, uvimbe huo umekunywa.

Ndiyo maana CT ya figo isiyo na kontrasti, ambayo watu wengi huishia kufanyiwa kwa sababu ni rahisi kidogo au kontrasti siku hiyo imekwisha, mara nyingi ni hela iliyopotea. Inafaa kwa mawe. Kwa uvimbe utaambiwa urudie. Kabla hujalipa, uliza dirishani: "Hii ni ya kontrasti? Ataanza bila dawa kisha na dawa? Na bima inalipia kontrasti au nanunua mwenyewe?" Kama daktari wa picha anashuku uvimbe uko kwenye mirija inayokusanya mkojo ndani ya figo, mwombe apige na picha za kuchelewa, dakika kadhaa baadaye, mkojo ukiwa umebeba dawa. Picha ikishakamilika huwezi kurudi kuiomba bila kuchomwa upya.

Waeleze mapema haya: kama una kisukari na unameza metformini, kama una pumu, kama una ujauzito, na zaidi ya yote kama uliwahi kupata vipele au kushindwa kupumua baada ya kontrasti siku za nyuma. Mzio wa kamba au pweza peke yake si kizuizi, ingawa mpaka leo wapo wanaorudishwa nyumbani kwa sababu hiyo. Figo zilizochoka kidogo nazo si kizuizi. Kiwango cha uchujaji kikiwa chini ya 30 ndipo madaktari hupima faida na hatari, na huenda wakakuwekea dripu ya maji kwanza au wakachagua MRI, picha inayopigwa kwa sumaku. Mjamzito hupigwa ultrasaundi au MRI isiyo na dawa.

Siku ya kipimo utawekewa kanula mkononi na kulazwa kwenye kitanda kinachoingia ndani ya duara la mashine. Sauti itakuambia uvute pumzi uibane. Dawa ikiingia, joto litapanda kutoka kwenye mkono hadi kooni, mdomo utakuwa na ladha ya chuma, kisha joto lishuke hadi kinenani kiasi cha kudhani umejikojolea. Hujajikojolea. Linaisha baada ya muda mfupi. Mzee unayemsindikiza mwambie hilo kabla hajaingia, maana wasioambiwa hushtuka, hujitikisa, na picha inaharibika.

Ukitoka, usichukue karatasi ya majibu peke yake. Omba diski yenye picha zote. Bingwa wa upasuaji anataka kuziangalia mwenyewe, aone uvimbe umekaa wapi na mishipa inapita wapi, na ukienda kuomba maoni ya pili bila diski utaambiwa urudie CT nzima.

Hatua ya 5: Weka majibu katika kundi lake

Kama ni uvimbe wa maji wenye kasoro, majibu yatataja daraja la Bosniak, kwa jina la daktari wa mionzi wa New York aliyeuweka mpangilio huo mwaka 1986. Daraja la I na la II ni salama, achana nao. II yenye herufi F ni ya kufuatiliwa kwa picha. La III ni nusu kwa nusu: takribani nusu ya uvimbe huo hukutwa ni saratani. La IV karibu 9 kati ya 10 ni saratani, nalo hutibiwa kama uvimbe wa nyama.

Kama ni uvimbe wa nyama na CT imeona mafuta ndani yake, kwa kawaida si saratani. Ni uvimbe wa mafuta na mishipa, unaowapata zaidi wanawake. Hauhitaji kuchukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe kinachotolewa kwa sindano kikapimwe maabara. Hatari yake ni kuvuja damu, hasa ukizidi sentimita 4 au mwanamke akishika mimba. Mkubwa unaweza kuzibwa mshipa wake wa damu kwa mpira mwembamba unaopitishwa kutoka kwenye paja, bila kupasua. Muhimbili wanayo huduma ya kutibu kwa njia hiyo. Uliza kabla hujakubali figo nzima itolewe kwa ajili ya uvimbe wa mafuta.

Kama ni wa nyama, unakunywa dawa na hauna mafuta, hapo saratani inashukiwa hadi ithibitike vinginevyo. Hata hivyo ukubwa una maana kubwa. Usiofika sentimita 4, takribani 1 kati ya 5 hukutwa si saratani baada ya kutolewa. Kadiri unavyokuwa mkubwa ndivyo uwezekano huo unavyopungua. Na usisahau vinavyojifanya saratani: kifua kikuu cha figo, usaha uliokaa siku nyingi, maambukizi sugu yaliyosababishwa na jiwe. Mtu mwenye homa za jioni, anayepungua uzito, mkojo una usaha lakini vijidudu vya kawaida havioti maabara, apimwe kifua kikuu cha mkojo kabla ya kisu.

Hatua ya 6: Tafuta kama umesambaa, lakini usipime kila kitu

Saratani ya figo hupenda mapafu. Kwa hiyo kifua kinapigwa picha: eksirei kwa uvimbe mdogo, CT kwa mkubwa au kama kuna dalili. Ini, tezi na mshipa mkubwa wa damu tayari vimeonekana kwenye CT ya tumbo. Picha ya mifupa ni kwa mwenye maumivu ya mifupa, na ya kichwa ni kwa mwenye dalili za kichwa, kama kuumwa kichwa kupya, degedege au kupooza upande. PET, picha ya mwili mzima inayotumia dawa yenye mionzi, ambayo baadhi ya watu husafiri nje kuifuata, si kipimo cha kawaida cha kuanzia kwa ugonjwa huu.

Hatua ya 7: Kinyama kichukuliwe au kisichukuliwe?

Hapa ndipo ndugu hugombana na daktari kwa sababu zote mbili. "Mbona wanataka kumpasua bila kuthibitisha?" Au, "Wakimchoma sindano si itasambaa?"

Kusambaa kwa njia ya sindano kwenye figo ni jambo la nadra mno kwa utaratibu wa sasa, ambapo sindano ya kukata hupita ndani ya mrija unaoikinga. Kwa hiyo hofu hiyo isiwe ndiyo sababu ya kukataa. Sababu nzuri ya kukataa ni ile ya swali letu la mwanzo. Kwa mtu mwenye afya, mwenye uvimbe wa sentimita 6 unaokunywa dawa, upasuaji utafanyika hata sindano ikisema nini, maana majibu ya "hakuna saratani" kwenye uvimbe wa namna hiyo hayamtoshi daktari. Sindano huchukua kipande chembamba tu, na mara nyingine, labda mara 1 katika 7 au 10, majibu yanarudi hayaeleweki.

Kinyama kina maana pale kinapogeuza njia. Kuna mtu aliyekuwa na saratani nyingine hapo awali, na huenda hii ni mbegu yake. Kuna anayeshukiwa limfoma, ambayo haipasuliwi. Kuna mzee au mgonjwa wa moyo ambaye kama si saratani ataachwa kwa amani. Kuna anayetaka kuunguzwa au kugandishwa uvimbe. Na kuna yule ambaye ugonjwa umeshasambaa na inabidi ijulikane ni aina gani ili dawa ichaguliwe. Ukikubali, taja dawa zote za kulainisha damu unazotumia, ikiwemo aspirini ndogo ya kila siku. Hazisimamishwi bila daktari aliyeziandika kujua.

Hatua ya 8: Chagua matibabu kwa kuangalia figo itakayobaki

Nimewasikia watu wengi wakisema, "Mungu katupa figo mbili, moja ikitolewa ipo nyingine." Ni kweli kwamba mtu huishi na figo moja. Tangu mwaka 2017 Muhimbili ilipoanza kupandikiza figo, wapo waliomtolea ndugu figo wakarudi kwenye shughuli zao. Lakini mtoa figo huchaguliwa kwa uzima wake. Mgonjwa wa uvimbe mara nyingi ana miaka zaidi ya 50, ana presha, pengine na kisukari, na unene na sigara ni miongoni mwa vinavyoleta saratani ya figo. Figo yake ya pili haianzi ikiwa mpya. Ukiondoa figo nzima kwa ajili ya uvimbe wa sentimita 3 unaweza kumponya saratani ukampeleka kwenye mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki miaka michache mbele. Swali hili ndilo ningetaka msomaji aliulize kwa sauti kuliko mengine yote: "Daktari, je, uvimbe unaweza kutolewa peke yake na figo ikabaki?"

Kwa uvimbe usiozidi sentimita 4, kuutoa peke yake ndilo pendekezo la kwanza kila inapowezekana. Kwa wa sentimita 4 hadi 7 huwezekana kutegemea ulipokaa: uliochomoza nje ya figo ni rahisi kuumega, uliozama katikati karibu na mishipa mikubwa ni mgumu. Upasuaji huo una gharama yake: damu hutoka zaidi na mkojo unaweza kuvuja kwenye kovu kwa siku kadhaa. Unahitaji mkono uliozoea. Kwa hiyo swali la pili, liulizwe kwa heshima tu: "Upasuaji wa namna hii hapa mnaufanya mara nyingi, daktari?" Bingwa mzuri hachukii swali hilo, na asiye na uzoefu nao atakuambia ni nani anao. Taasisi ya mfumo wa mkojo pale KCMC Moshi, Muhimbili na hospitali nyingine za rufaa za kanda zina mabingwa wa eneo hili.

Figo nzima hutolewa pale uvimbe ni mkubwa, umeingia kwenye mshipa, au umekaa mahali ambapo hakuna cha kuokoa. Hapo hakuna cha kujutia. Ikiwezekana ifanyike kwa matundu madogo, kwa kuwa kupona ni kwa haraka, ila tumbo kufunguliwa na mtu anayeijua kazi yake ni bora kuliko matundu ya anayejifunza. Uvimbe ulioota kwenye njia ya mkojo ndani ya figo ni habari nyingine: hiyo ni saratani ya ukoo wa ile ya kibofu, na mara nyingi figo hutolewa pamoja na mrija wake wote hadi kibofuni. Kabla ya hapo kibofu lazima kichunguliwe kwa kamera.

Kusubiri kwa kufuatilia ni matibabu halali, wala si kukata tamaa. Kumweka mzee wa miaka 80 mwenye moyo dhaifu na uvimbe wa sentimita 2 chini ya nusu kaputi kunaweza kuwa hatari kuliko uvimbe wenyewe. Anapigwa picha kila miezi 3 hadi 6 mwanzoni, baadaye kila miezi 6 hadi 12, na ukikua haraka au ukizidi sentimita 3 hadi 4 mazungumzo yanafunguliwa upya. Sharti ni moja, tarehe za picha ziheshimiwe. Kama anaishi kijijini na hakuna wa kumleta, semeni ukweli huo mbele ya daktari, kwani unabadilisha ushauri.

Kuunguza au kugandisha uvimbe kwa sindano kunafaa kwa mdogo, wa chini ya sentimita 3 hivi. Huduma hii haipo kila mahali. Uliza, usiikimbilie nje ya nchi kabla ya kujua kama upasuaji wa kuhifadhi figo unapatikana karibu.

Na dawa? Kemo ya kawaida haifanyi kazi ya maana kwa saratani ya figo iliyo ya kawaida kwa watu wazima. Ukiambiwa uanze kemo, uliza ni saratani ya aina gani, kwa sababu limfoma na ile ya njia ya mkojo zinaitikia kemo. Kwa iliyosambaa kuna vidonge kama sunitinibu na pazopanibu, na dripu za kuamsha kinga ya mwili. Zinarefusha maisha kwa wengi, zinapandisha presha na kuleta vidonda mdomoni na uchovu, na ni ghali. Kabla ya dozi ya kwanza, hakikisha kwa maandishi bima inagharamia nini na kwa muda gani. Dawa iliyokatishwa mwezi wa pili kwa kukosa fedha imeshauza shamba bila kumsaidia mgonjwa. Mionzi hutumika zaidi kutuliza maumivu ya mifupa, na hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ndiko wengi hupelekwa.

Hatua ya 9: Siku ya kuamua

Nendeni wawili, mgonjwa na ndugu mmoja anayeaminika, si watu saba wa ukoo wenye maoni saba. Ndugu wa Dar anayepiga simu akitaka kuongea na daktari apewe muhtasari jioni. Bebeni barua ya rufaa, kadi ya bima, diski ya CT, majibu ya kreatinini na dawa zote zikiwa kwenye pakiti zake. Mgonjwa aulizwe yeye kwanza. Nimeona wazee wakizungumziwa juu ya vichwa vyao kana kwamba hawapo, na mama mmoja alipopewa nafasi alitaka kujua jambo moja tu, kama ataweza kulima. Ataweza, ila wiki 6 hivi za mwanzo asinyanyue ndoo ya maji, gunia wala jembe.

Maoni ya pili si usaliti. Mwambie daktari waziwazi, "Daktari, tunaomba wiki mbili tupate ushauri mwingine," naye akupe nakala za faili.

Hatua ya 10: Baada ya upasuaji

Uvimbe uliotolewa lazima uende maabara ya patholojia. Hakikisha umekwenda na umepokelewa, kwani chupa husahaulika. Majibu yataeleza aina, ukali, umefika wapi na kama kingo za mkato ni safi, na hayo ndiyo yanayopanga kliniki zako: kreatinini na presha kila unapoitwa, picha ya tumbo na kifua kwa vipindi, kwa miaka 5 au zaidi. Chumvi ipungue, sigara iachwe, na vidonge vya maumivu visinunuliwe dukani kiholela. Kama uligundulika ukiwa na miaka 46 au chini ya hapo, au uvimbe ulikuwa figo zote mbili, mwulize daktari kama ndugu zako wa tumbo moja na watoto wako nao wachunguzwe.